Kupotea Kuna Fomu

Mashine iliingia sikioni mwangu bila kusukumwa, ikakaa kana kwamba ilizaliwa humo. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, kiboksi chake kiko mapajani, na mjukuu wangu amesimama mbele yangu ananitazama. Hapo hapo nikajua kwamba miezi kumi na moja ya kusubiri imekwenda na maji.

Tulikuwa tumeanza na yeye, maana mashine ni yake. Tulinawa mikono kwa sabuni kama karatasi ya ndani ya boksi ilivyoagiza. Nikamsogeza dirishani penye mwanga, nikamshika sikio la kulia, nikaingiza polepole. Mikono yangu imezoea vitu laini. Kazi yangu ni kujaza mito ya sufi, na sufi haitaki nguvu. Haikuingia. Nikaigeuza, haikuingia. Nikapaka mafuta kidogo. Mtoto akakunja uso.

"Bibi, hili ni la tembo."

Ndipo nikaijaribu kwangu, nione tu imetengenezwa vibaya kiasi gani. Haikutengenezwa vibaya. Ilitengenezwa vizuri kabisa, kwa sikio langu mimi. Na nilipogusa kitufe ikawaka, kelele ikanipiga kichwani kama sufuria limeanguka sakafuni, nikaichomoa.

Kwa asiyejua, mashine ya kusikia ina sehemu mbili. Iko mashine yenyewe, ndogo kama punje kubwa ya haragwe, inayokaa nyuma ya sikio. Halafu iko kalibu, kipande laini kama mpira kinachoingia ndani, na hicho hutengenezwa kwa umbo la sikio la mtu mmoja tu. Kiatu unaweza kuazima ukatia tambara mbele. Kalibu haiazimwi.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku. Watu wakiambiwa kuna mtoto asiyesikia vizuri hudhani ni mtoto wa kimya. Huyu anaongea tangu anapoamka mpaka usingizi unamkatiza neno mdomoni. Ana miaka minane, analelewa na mimi. Mama yake, binti yangu, ni mpishi kwenye mgahawa mji mwingine na huja akipata likizo. Darasa la kwanza Chiriku amelisoma mara mbili. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia bila kuzunguka: shule ikifunguliwa, mtoto akija na mashine anaingia la pili. Akija bila mashine, anarudia la kwanza mara ya tatu.

"Simwonei, bibi," alisema. "Darasa lina watoto themanini. Sauti ya mwalimu haifiki kwake."

Sikumlaumu. Lakini Chiriku alikuwa ameshapata habari kwa njia zake, na siku hizo alianza kutembea amekunja mabega ili apungue urefu, asije akaonekana mnara katikati ya watoto wanaomfika kifuani. Nilikuwa namwona akijipunguza hivyo uani, nikageuza uso.

Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya wiki tano.

Nikakaa pale kitandani nikarudi nyuma kwa mawazo mpaka siku ya kipimo. Chumba cha masikio kiko hospitali, mwisho wa ukumbi, baada ya chumba cha meno. Anayepima anajiita mtaalamu. Mimi nilimwita fundi masikio na hakukataa. Anakanda unga wa aina mbili mpaka unakuwa donge la waridi, analijaza kwenye bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, halafu analisukumia sikioni ligande kwa dakika tano. Chiriku alipoona lile bomba akaingia chini ya meza. Nje foleni ndefu, na fundi ana simu ameibana kati ya shavu na bega, anagombana na mtu kuhusu mlango wa nyumba anayojenga. Nikamwambia, "Anza na mimi, aone haiumi." Akanijaza sikio la kulia. Likapoa, likaganda, akalivuta, likatoka limejikunja kama konokono. Chiriku akacheka, akatoka chini ya meza mwenyewe, akakaa kitini.

Basi wakawa konokono wawili kwenye sinia, mkubwa na mdogo. Fundi, simu ya mlango wake bado iko begani, akamtia mmoja kwenye bahasha yenye namba ya mtoto na mwingine akamtupa kwenye ndoo ya taka. Nilimwona kwa macho yangu. Sikujua ninaona nini.

Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, na sikuwahi kulikana hilo popote.

Jumatatu asubuhi nikamshika Chiriku mkono tukaenda ofisi ya Mpango wa Vifaa Saidizi. Ofisi hiyo ndiyo inayotoa magongo, miguu ya bandia, viti vya magurudumu, miwani mizito na mashine za masikio. Iko ghorofa ya pili. Lifti ina karatasi inayosema haifanyi kazi, na karatasi yenyewe imekuwa ya njano. Kwenye ngazi tulimkuta bwana mmoja wa magongo amepumzika kati ya ghorofa na ghorofa, anajipepea na faili lake.

"Piteni, piteni," alisema. "Mimi ni mkazi wa hapa. Wananiita Mwenyekiti."

"Wa chama gani?" nikamuuliza.

"Sina chama, mama. Nasubiri kiti. Mwaka wa pili huu."

Dirisha la tatu ndilo la masikio. Karani wake ni kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mihuri minne imepangwa mbele yake kwa urefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Mtu mbaya unamkasirikia ukaenda zako.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mashine mliyotupatia Ijumaa haimwingii mtoto. Kalibu yake ni ya sikio langu."

Akafungua kitabu kikubwa, akashuka na kidole mpaka kwenye jina letu.

"Hapa umesaini. Kimepokelewa kikiwa kamili na kikiwa sawa."

"Nilisaini boksi likiwa limefungwa."

"Hairuhusiwi kufungua kabla ya kusaini."

"Ndiyo nakwambia hivyo."

"Ndiyo. Kwa hiyo umesaini."

Nikavuta pumzi. Nimelea watoto watano na nimekaa miaka arobaini nikitoa mbegu kwenye sufi moja moja. Subira si kitu kigeni kwangu. Nikatoa mashine, nikaivaa pale pale dirishani, nikageuza kichwa aone ilivyokaa. Akaitazama, akainama kuandika, halafu akasimamisha kalamu.

"Bibi, wewe umesajiliwa?"

"Mimi? Hapana."

"Basi ivue tafadhali. Kifaa cha mpango hakivaliwi na asiyesajiliwa." Akafikiri kidogo, akasogea karibu na kioo kama anayetaka kunitendea wema. "Lakini kama na wewe una tatizo la kusikia, tunaweza kufanya uhamisho wa mnufaika. Kifaa kinakuwa chako. Mtoto anaomba upya."

"Upya ni muda gani?"

"Miezi kumi na moja. Bajeti ikichelewa, zaidi."

"Mimi nasikia vizuri."

"Pole," akasema, na alikuwa anamaanisha. Umri wote huu sijawahi kupewa pole kwa kusikia.

Nikamuuliza kama hakuna njia ya kubadilisha kalibu tu, maana mashine yenyewe nzima. Akatoa fomu ya kubadilisha kifaa. Ina sababu tatu zilizochapwa, unaweka alama kwenye moja: kimepotea, kimeharibika, mtumiaji amefariki.

"Hakijapotea, kizima, na mtumiaji huyo hapo anapanda juu ya benchi lenu," nikasema.

"Basi fomu hii haikuhusu, bibi. Nenda kwa mtaalamu, akuandikie."

Tukashuka, tukaenda hospitali, tukakaa foleni mpaka saa nane. Fundi masikio alipoona kalibu na kuliona sikio langu, rangi ikamtoka. Akafunga mlango.

"Bibi, hii naimaliza kwa dakika kumi. Unga ninao, mtoto yupo. Tatizo ni karakana inakotengenezwa kalibu. Hawapokei bahasha bila namba ya fomu kutoka dirisha la tatu. Wakipokea, wiki mbili kalibu iko hapa."

"Basi niandikie kwamba umekosea, nimpelekee wa dirisha la tatu."

Akajikuna kidevu. Akaandika mstari mmoja, akanipa: Kalibu haimkai mtoto.

"Mbona hukuandika kwa nini haimkai?"

"Nikiandika nilikosea, wataniuliza nimekosea kwa wengine wangapi."

"Wangapi?"

Akaanza kupanga vifaa vyake kwenye sinia. Nikaondoka.

Kesho yake, dirisha la tatu. Karani akasoma karatasi, akaigeuza nyuma aone kama kuna zaidi.

"Haimkai si sababu, bibi."

"Ni sababu iliyonipandisha ngazi."

"Naelewa. Lakini haimo kwenye fomu."

Ndivyo tulivyoanza kwenda na kurudi. Fundi akasema karani amwandikie barua ya kuomba maelezo, hapo ndipo ataweza kueleza. Karani akasema barua ya kuomba maelezo hutoka kwa msimamizi, na msimamizi yuko semina. Semina ikaisha, msimamizi akaenda kumzika mtu wa kwao. Akarudi, akasema faili letu lina hadhi ya "limehudumiwa", na faili lililohudumiwa haliombewi maelezo; kwanza lifunguliwe. Kulifungua kunataka fomu ya kubadilisha. Nikarudishwa kwenye zile sababu tatu. Hata mtoto alizijua. Alikuwa anazihesabu kwa vidole ngazini, na akifika ya tatu analala chali, ulimi nje.

Nikazungushwa kama pia ya mtoto wiki mbili nzima. Mito ya watu ikalala bila kujazwa. Mteja mmoja akaja kuchukua kitambaa chake akasema nimezeeka. Sikubishana naye.

Binti yangu akapiga simu. Nikamweleza yote, naye akasikiliza huku masufuria yanagongana nyuma yake.

"Mama, sema imepotea. Basi."

"Iko kwenye pochi yangu."

"Nani atakuja kupekua pochi yako? Unataka mwanangu asome la kwanza mpaka aote meno ya ukubwani?"

Neno hilo lilinichoma, na alijua litanichoma. Siku iliyofuata Mwenyekiti naye, pale pale ngazini pake, alinipa somo lile lile kwa maneno mengine.

"Mama, sikiliza mtu aliyesoma hapa. Kupotea kuna fomu. Kukosewa hakuna. Ofisi haikosei, sasa nani angechapa fomu yake? Wewe nenda polisi, chukua taarifa ya upotevu, njoo nayo. Siku hiyo hiyo wanakupa namba."

"Na wewe kwa nini hujapoteza kitu?"

"Nipoteze nini, na hicho kiti sijapewa?"

Nilikwenda. Sijivunii, lakini nilikwenda. Kituoni askari wa zamu alikuwa baba wa makamo, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu. Akatupa benchi, akafungua daftari.

"Kimepotea nini, mama?"

"Kalibu ya sikio."

"Ndiyo kitu gani?"

Nikamweleza. Akaandika polepole, neno kwa neno.

"Ukubwa wake?"

Nikaonyesha kwa vidole viwili, halafu nikagusa sikio. Chiriku alikuwa pembeni yangu, macho hayabanduki kwetu. Mtoto huyu hutazama mikono na nyuso za watu kama wengine wanavyosikiliza redio. Akaona vidole, akaona sikio, akaona askari ameinua shingo kama mtu anayetaka kuonyeshwa. Akafungua pochi yangu, akatoa kalibu, akaiweka juu ya daftari.

"Ni hii," alisema, kwa sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Ukubwa wake huu. Lakini ni ya bibi, mimi hainiingii."

Askari akaitazama kalibu. Akanitazama mimi. Nilitamani benchi linimeze.

"Mama," alisema taratibu, "naona imepatikana."

"Imepatikana."

"Niandike imepatikana?"

"Usiandike kitu, mwanangu. Nisamehe kwa kukupotezea wino."

Akachukua rula, akapiga mstari juu ya maneno yake yote mazuri.

Njiani nilimkasirikia Chiriku kwa hatua kama ishirini, halafu hasira ikakosa pa kukaa. Mtoto nimemfundisha mwenyewe: mtu akitafuta kitu na wewe unakiona, mwonyeshe. Nimkaripie kwa lipi? Yeye alikuwa anaruka madimbwi, anaongea, ananiuliza kwa nini baba yule amechafua daftari lake. Halafu akanyamaza, jambo lisilo la kawaida, akaniuliza kama watoto wa la kwanza wa mwaka huu ni wadogo sana.

"Wa kawaida tu," nikamjibu kwa kidole na mdomo, mbele ya uso wake, aone.

Akakunja mabega.

Alhamisi ya wiki hiyo zilikuwa zimebaki siku kumi na nane shule ifunguliwe. Gari la karakana huchukua bahasha hospitali kila Ijumaa asubuhi. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa: bahasha ikikosa Ijumaa hii, kalibu itafika shule imeshafunguliwa wiki nzima na majina yameshaandikwa. Nikapanda ngazi nikiwa nimechoka mwili na roho, Chiriku mbele, Mwenyekiti nyuma yetu anagonga magongo yake kwa zamu.

"Bibi, umerudi," karani akasema.

"Nimerudi. Nisomee tena zile sababu."

"Si unazijua?"

"Nisomee. Mimi shule niliishia la nne, na macho yenyewe ndiyo haya."

Akaipumzisha kalamu, akasoma. "Kimepotea. Kimeharibika. Mtumiaji amefariki."

"Hiyo ya pili. Kikiharibika mnataka nini?"

"Unakileta tunakiona. Halafu unajaza fomu ya uharibifu, unataja sehemu iliyoharibika, na sehemu hiyo peke yake inabadilishwa."

"Kalibu peke yake?"

"Kalibu peke yake."

"Na polisi?"

"Uharibifu hauna polisi, bibi. Fomu inatoka hapa hapa."

Wiki tatu nimepanda ngazi zile, na siku hiyo ndiyo nikaambiwa. Labda sikuuliza. Labda hapo dirishani hujibiwa ulichouliza tu, wala hawaongezi neno. Mbele ya karani, ndani ya kopo la kalamu, palikuwa na mkasi wa kukatia bahasha.

"Naomba huo mkasi, baba."

Akanipa. Watu wa ofisi ukiwaomba kitu kisicho na fomu hukitoa upesi.

Nikatoa kalibu kwenye pochi, nikaichomoa kwenye kibomba cha mashine, mashine nikampa Chiriku aishike. Nikaiweka kalibu juu ya kaunta, nikaikata. Mara ya kwanza iliteleza. Mara ya pili nikaishika kwa ukucha, ikaachia, ikawa vipande viwili. Nikakata kimoja tena, isije ikasemwa inaungika. Nikamsogezea karani vipande vitatu chini ya kioo, pamoja na mkasi wake.

Nyuma yangu Mwenyekiti akakohoa.

"Imeharibika," akasema. "Kila mtu kaona."

Karani alikuwa bado amekodoa macho kwenye vile vipande.

"Bibi, hii ni mali ya serikali."

"Naam. Imeharibika."

"Umeiharibu wewe. Mbele yangu."

"Si ulisema niilete muione?"

Mama mmoja kwenye benchi akacheka akajiziba mdomo na khanga. Karani hakucheka. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye amechoka. Chini ya macho pana weusi, na ile mihuri minne haikuwa imepangwa sawa siku hiyo. Akavuta droo, akatoa fomu ya uharibifu, akaanza kuijaza kwa mkono wake mwenyewe. Sehemu iliyoharibika: kalibu. Akafika kwenye sababu, kalamu ikasimama.

"Hapa pana visanduku vitatu. Ajali, uchakavu, nyinginezo. Ajali haikuwa."

"Haikuwa."

"Uchakavu siwezi, ina wiki tatu tu."

"Usiandike uongo kwa ajili yangu, mwanangu. Huo nimeshaujaribu, hautuingii."

"Basi nyinginezo. Lakini nyinginezo lazima ueleze."

"Eleza wewe. Ulikuwepo."

Akaandika. Aliandika kwa muda, na alipomaliza akanisomea bila kuombwa: "Kalibu ilikatwa kwa mkasi na mlezi wa mnufaika, kwa kuwa ilitengenezwa kimakosa kwa kipimo cha sikio la mlezi." Akainua macho. "Nitaje kwamba mkasi ni wa ofisi?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona nisiutaje."

Akachukua kitabu cha mwongozo, kinene kama tofali, akatafuta mlezi aliyeweka nyinginezo anafanywa nini. Alifunua kurasa mbele, akafunua nyuma. Kwa ajali kuna mstari, kwa uchakavu kuna mstari. Kwa nyinginezo hakuna aliyewahi kufika huko. Akafunga kitabu, akachagua muhuri, akagonga mara tatu, akaniandikia namba.

"Nenda haraka, bibi. Mtaalamu anafunga saa tisa."

Fundi masikio tulimkuta anavua koti. Nikamwekea namba mezani. Akaisoma fomu, akafika kwenye lile neno kimakosa, akalisoma mara mbili.

"Nani kaandika hivi?"

"Karani wa dirisha la tatu."

"Ameandika jina langu?"

"Jina lako hajalitaja. Akikuuliza wengine wangapi, utamjibu wewe. Sasa kanda unga."

Simu yake ikaita. Nilimtazama tu. Akaitia kwenye droo, ikaendelea kuita humo humo, tukaiacha. Chiriku alitaka nianze mimi kama siku ile, akanivuta gauni kuelekea kitini. Nikakaa mlangoni, mbali, mikono nimeikunja.

"Bibi haanzi," nikamwambia, polepole, midomo aione.

Akakaa mwenyewe, macho ameyafumba kabla hata ya unga kukandwa. Donge moja likaingia sikioni, moja likatoka. Bahasha niliishika mimi mpaka nilipoona namba imeandikwa na donge limeingia ndani na mdomo wa bahasha umebandikwa. Fundi aliudhika, nami sikujali. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye lango la hospitali nikaliona gari la karakana likipakia. Dereva akaniuliza kama nasafiri nao.

Kalibu ilifika Ijumaa, siku tatu kabla ya shule. Iliingia. Chiriku alikaa kimya dakika nzima, amekodoa macho, halafu akaanza kulalamika: kwamba mlango unalia, kwamba jirani anakohoa, kwamba mimi nikimeza maji shingo yangu inafanya kelele. Jumamosi yote alizunguka nyumba akigonga vitu. Jumapili alinikataza kuchambua sufi karibu naye kwa kuwa mbegu zikianguka kwenye bati zinamsumbua. Nilijaza mito miwili tu, nje, kwenye jua.

Jumatatu mwalimu mkuu alimwona mlangoni, akamwinamia, akaangalia nyuma ya sikio, akaandika jina kwenye orodha ya la pili mbele yangu. Kwa usalama nilisubiri wino ukauke. Halafu nikakaa ukutani nje ya lango mpaka saa sita, maana nilikuwa na wasiwasi na nyumbani nisingefanya kitu.

Alitoka wa mwisho, mkoba begani, uso umemwiva kwa uchovu. Akaja akaniegemea.

"Bibi," akasema, na sauti yake haikuvuka barabara safari hii, "kumbe mwalimu anaongea tu. Anaongea kutwa nzima. Hapumziki."

"Ndiyo kazi yake."

"Na wa mwaka jana alikuwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akatembea kidogo, anafikiri.

"Kesho naweza kuizima kidogo, nikichoka?"

"Huwezi," nikamwambia, nikamchukulia mkoba, tukaenda nyumbani.